Kindu, Ambako Wema Huandikwa Daftarini

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ujiji na akafia Ujiji, lakini ukimuuliza kabila lake alikujibu papo hapo: Mmanyema. Jibu hilo si geni kwa aliyekulia Kigoma, Tabora au Kariakoo, ambako Wamanyema wana mitaa yao, koo zao na hata msikiti wao. Ni uzao wa watu waliovuka Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 kutoka nchi za mto Lualaba. Wengine walikuja na misafara wakiwa wapagazi na askari. Wengi walikuja na kongwa shingoni. Bibi hakuwahi kuiona Maniema, wala hakuwa na hamu ya kuiona. Hamu ilinishika mimi, na ndiyo iliyonifikisha Kasongo nikiwa na begi mgongoni na Kiswahili changu cha Kigoma, nikitafuta pikipiki ya kunipeleka Kindu.

Maniema ni mkoa wa takribani kilomita za mraba 132,000, uliomegwa kutoka Kivu mwaka 1988. Eneo hilo kubwa ni misitu na mito. Barabara ni chache, na hizo chache mvua huzifanya itakavyo. Kasongo ni mji mkongwe wa huko. Hapo ndipo Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipoweka makao yake; Wabelgiji waliuteka mji huo Aprili 1893. Adhana bado inasikika alfajiri, kanzu na kofia ni vazi la kawaida, na wali ni chakula cha kila siku, urithi wa watu wa misafara walioleta mbegu ya mpunga. Lakini si mbali na hapo ndipo ilipo Nyangwe, kandokando ya Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 wenye bunduki wa misafara hiyo hiyo waliwamiminia risasi akina mama waliojaa sokoni. David Livingstone alikuwapo na aliandika aliyoyaona. Waliokufa, kwa risasi na kwa maji ya mto walikokimbilia, walikadiriwa kufika mamia.

Kwa hiyo mzee mmoja wa Kasongo aliponiuliza, barazani kwake, natoka wapi, nilitamka "Ujiji" kwa sauti ya chini kidogo. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

"Babu zenu walibeba babu zetu," akasema. "Sasa weye umerudi, tena kwa miguu yako mwenyewe. Ikaa, ule."

Nikakaa, nikala: wali, sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese, na kipande cha samaki ambacho nilihisi kilikuwa cha mtu mwingine kabla sijafika. Baada ya chakula mzee alimwita kijana mwenye pikipiki, akataja nauli kwa sauti ili baraza zima lisikie, akamwambia, "Huyu ni mtoto wetu. Usimwachie njiani." Baraza likaitikia. Nilielewa baadaye kwamba ule haukuwa ukarimu wa maneno tu. Bei iliyotajwa mbele ya mashahidi haiongezeki porini.

Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za udongo mwekundu. Magari ni ya kuhesabika. Wanaoiweka hai barabara ile ni watu wa baisikeli. Wao hawaziendeshi, wanazisukuma. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, nyingine husimamishwa nyuma ya kiti ili apate pa kusukumia, na katikati hapo hupangwa bidoni za mawese za lita 20, magunia ya mpunga, kuku walioning'inizwa vichwa chini. Wakirudi hubeba chumvi, sabuni, vitenge na mitumba. Hutembea kwa makundi, nami mwanzoni nilidhani ni kwa kuogopa majambazi. Sababu ya pili niliiona kwenye mlima mmoja uliokuwa umelowa.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mteremko ulikuwa umegeuka utelezi mtupu. Kundi la wanaume watano lilikuwa limesimama chini ya mlima. Aliyefika kwanza hakuwa amepanda. Alikuwa amewangoja wenzake. Wa mwisho alipowasili, wakalaza baisikeli nne, wakaishika ya tano wote kwa pamoja: mmoja kwenye usukani, wawili ubavuni, wawili nyuma, mabega yakiwa kwenye bidoni. Wakaifikisha juu, wakaiegemeza kwenye mti, wakashuka kuchukua ya pili. Ukifanya hesabu, kila mmoja alipanda mlima ule mara tano ili mzigo wake upande mara moja. Dereva wangu alizima pikipiki, akakunja suruali, akaenda kuongeza mikono. Nami nikaenda. Hakuna aliyetuomba na hakuna aliyetushukuru. Walitusogezea nafasi tu.

Baisikeli ya nne iliteleza. Bidoni moja ikaangukia jiwe, ikapasuka, na mawese yakaanza kushuka na maji ya mvua, mekundu kwenye matope mekundu. Mwenye mali, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinamtoka, alichuchumaa akayatazama bila kusema neno. Lita 20 za mawese ni jasho la siku nyingi za kuponda na kuchemsha chikichi. Mkubwa wa kundi akatoa bidoni tupu aliyokuwa ameifunga nyuma ya mzigo wake, akafungua bidoni yake moja iliyojaa, akamimina kopo moja. Wa pili akamimina kopo moja. Wa tatu, wa nne. Wakazunguka tena. Walipokoma, kijana alikuwa na bidoni iliyopita nusu.

"Hii ni zawadi?" nilimuuliza mkubwa wao wakati tunapumzika juu ya mlima.

"Zawadi?" akashangaa. "Leo imeanguka yake. Njia hii tunaipita kila mwezi, baba. Utanikuta mimi chini siku moja."

Jibu lile nililibeba hadi Kindu, na huko nikakuta mji mzima unalijua.

Ukitoka upande wa Kasongo unaikuta kwanza Alunguli, komini iliyo ukingo wa mashariki. Mji wenyewe, pamoja na komini za Kasuku na Mikelenge, uko ng'ambo, na katikati umelala Lualaba, mpana na wenye kasi, ukielekea kaskazini kwenda kuitwa Mto Kongo. Daraja hakuna. Kuna kivuko cha magari kwa siku zake, na kuna mitumbwi siku zote. Tulifika jua likiwa limeinama. Kwenye mtumbwi wetu waliingia wanafunzi na daftari zao ndani ya mifuko ya nailoni, mama mwenye beseni la ndizi, mtu na baisikeli yake, na mwanamke mmoja kijana aliyembeba mtoto aliyekuwa akihema kwa homa.

Mpiga kasia alipita akikusanya nauli kabla ya kusukuma. Alipofika kwa mwanamke yule, mwanamke alifungua ncha ya kitenge chake kuonyesha noti chakavu aliyokuwa nayo, ambayo bila shaka ndiyo ilikuwa ya daktari. Mpiga kasia akaukunja ule upindo kwa mkono wake mwenyewe.

"Mutoto iko na homa," akasema. "Utaleta ukirudi."

Mama wa ndizi akachomoa ndizi tatu mbivu akamwekea mapajani. Tukavuka.

Nilikumbuka kwamba Livingstone alikaa Nyangwe tangu Machi hadi Julai 1871 akitafuta mitumbwi ya kuvukia mto huu huu, na watu wa mto wakamnyima. Walikuwa na haki ya kumshuku: kila mgeni aliyetoka mashariki alikuwa na bunduki nyuma yake. Wagenya, yaani watu hao wa mto, na majirani zao wa Lualaba hawakuwa watu wagumu wa moyo. Walijua tu nani avushwe na nani aachwe ukingoni, na kwa maisha yao ujuzi huo ulikuwa jambo la kufa na kupona.

Kindu ilizaliwa na reli. Wabelgiji waliokuwa wakisaka njia ya kufika maziwa makuu waliunganisha mto na chuma: meli palipo na maji tulivu, treni palipo na maporomoko. Reli ya kilomita 355 kutoka Kindu kwenda Kongolo ilikamilika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mji ukapewa jina la Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya tajiri wa Kibelgiji aliyegharamia mradi. Stesheni ingali pale karibu na bandari, na hadi leo watu hupanga maisha yao kwa kusikia tetesi za treni. Mashua za kwenda Ubundu huondoka zikijaa, na kujaa kwake hakujulikani saa.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kasuku, rafiki wa rafiki. Mkewe, ambaye mtaa wote humwita Mama Mwalimu, aliniamkia kila alfajiri kwa "Yambo baba, umelala muzuri?" huku tayari mikono yake ikiwa na unga. Nyumbani hapo nilijifunza mtaa unavyoamka. Moto huwashwa kwenye ua mmoja, kisha mtoto hutumwa na kigae chenye kaa la moto kwenda ua wa pili, na wa tatu. Kiberiti hakikosekani dukani, lakini kwa nini nyumba tano zichome njiti tano? Maji hupokezanwa. Umeme ni wa bahati, na jirani mmoja mwenye paneli ya sola juu ya bati lake huwa na rundo la simu za watu sebuleni, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Wenye uwezo humlipa franka kadhaa. Watoto wa darasa la sita wa mtaa ule, ambao wana mtihani wa taifa, huja kusomea chini ya taa yake bila malipo, wakikaa kwenye mkeka kwa zamu ambazo yeye mwenyewe amezipanga.

Kisha mtaani kukatokea msiba, nami nikaona jambo ambalo lilibadili namna nilivyoyaelewa yale yote ya njiani.

Aliyefariki alikuwa fundi seremala, baba wa watoto wengi. Kabla jua halijachomoza turubai lilikuwa limeshatandazwa uani, viti vimetoka nyumba kwa nyumba, akina mama wanatwanga sombe kwa vinu vitatu vinavyopokezana sauti, na mafundi wenzake wanaranda mbao za jeneza. Chini ya mwembe, kwenye meza ndogo, alikaa kijana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu akiwa na daftari la shule la kurasa mia na kalamu ya bluu. Kila aliyeingia alipita mezani kwanza.

Niliomba ruhusa ya kulitazama. Lilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina, kitu, kiasi. Mmoja alileta franka 5,000. Mwingine sombe, mafungu mawili. Mwingine mawese, chupa moja ya bia. Kuni, mzigo mmoja. Chumvi, kijiko. Bati la kuazima kufunikia moto, moja. Halafu nikaanza kuona maneno ambayo sikuyatarajia. Mbele ya jina la kijana mmoja safu ya kitu ilisema "mikono". Alikuwa hana alicholeta, amekwenda kuchimba kaburi. Mbele ya jina la bibi mmoja kikongwe palikuwa pameandikwa "amelala", kwa maana kwamba alilala msibani na mjane, sakafuni, usiku ule wa kwanza. Kulala kule kuliandikwa kwa wino uleule ulioandika franka 5,000.

Sisi tuliofunzwa na wazee wetu kwamba tenda wema nenda zako tunashtuka kidogo kuona wema una katibu. Nilimuuliza Mama Mwalimu, akiwa ameketi anachambua majani, kama huku si kugeuza wema kuwa biashara.

"Biashara iko na faida," akanijibu bila kuinua macho. "Hapa faida iko wapi? Tunaandika ili mutu asisahauliwe. Mwenye pesa, jina lake haliwezi kupotea. Mwenye kijiko cha chumvi ndiye tunamuandikia."

Akaongeza jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lilikuwa zito zaidi. Mjane, akasema, hapokei sadaka. Mume wake alikuwa katika madaftari ya nyumba nyingine kwa miaka mingi: aliranda mbao, alitengeneza majeneza, alichangia. Leo kinachomrudia ni chake. Anaweza kuinua uso mbele ya kila aliyeleta. Na watu wa nyumba yake watalihifadhi daftari hili, na siku kilio kitakapolia kwa yule kijana wa "mikono", watalifungua na kujua wanadaiwa nini.

Kwa hiyo deni, ambalo kwetu mijini ni neno la aibu, Kindu ndilo linalomwondolea mtu aibu. Anayepewa bure huinama. Anayerudishiwa chake husimama. Wale wa mlimani waliomimina kopo kwa kopo walikuwa na daftari lilelile, ila walikuwa wameliandika kichwani.

Sokoni utaratibu huo una jina linalojulikana Kongo nzima: likelemba. Akina mama wanaouza pamoja huchanga kila siku ya soko, na fungu lote huchukuliwa na mmoja, kwa zamu. Ndiyo benki ya wasio na benki. Nilikaa na kundi moja la wauza samaki na mihogo wakati habari ilipofika kwamba mwenzao, aliyejifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya mji, amepona lakini amezuiwa kutoka. Hilo halikuwashangaza. Katika hospitali nyingi za Kongo, mgonjwa asiyelipa hubaki ndani hata akipona, na deni huendelea kupanda naye akiwa amelala kwenye kitanda kilekile.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa amesubiri fungu lake muda mrefu. Alikuwa ameshazungumza na muuza mabati kwa ajili ya paa la jikoni. Wenzake hawakumwambia neno. Walimtazama tu. Akanyamaza kidogo, akapangusa kisu cha samaki kwenye gunia.

"Muniweke mwisho," akasema.

Wakahamisha zamu. Wawili wakaondoka na fedha, na kabla ya soko kufungwa mzazi na mtoto walikuwa wametoka. Fungu lile halikuwa msaada. Lilikuwa zamu ya mzazi iliyovutwa mbele. Ataendelea kuchanga kama kawaida mpaka mzunguko ukamilike, na mama wa mabati atapata bati lake mwishoni, mvua ikimpa nafasi.

Kuna wema mwingine ambao daftari haliuwezi. Mwalimu, mwenyeji wangu, alikuwa mtoto mdogo tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia zilipotua Kindu. Zilikuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, zikiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani hapo. Kongo ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache, Lumumba alikuwa ameuawa mwezi Januari mwaka uleule, jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga, na askari wa Kongo waliokuwa mjini waliwadhania Waitaliano wale kuwa mamluki wa Katanga. Wakawaua wote 13. Ni doa ambalo Kindu haijaweza kulifuta. Jina la mji huu huko Italia linajulikana kwa tukio hilo.

Lakini inasimuliwa pia kwamba mlinzi wa gereza, akihofia maiti zile zisije zikadhalilishwa, alizitorosha usiku na kwenda kuzizika Tokolote, kijiji kidogo kando ya msitu. Mwaka uliofuata mabaki yakafukuliwa na kurudishwa Italia, na sasa yamepumzika Pisa, kilipokuwa kikosi chao. Mlinzi yule hakuwa na deni kwao. Hakuwa na zamu, wala hakuwa na matumaini kwamba mmoja wao atakuja kumchimbia yeye kaburi. Aliwazika wageni kwa sababu maiti huzikwa. Hapo, na hapo peke yake, nikaona msemo wa wazee wetu umetimia kikamilifu: alitenda wema akaenda zake.

Mwalimu ananiambia kwamba mambo hayo mawili, daftari na kaburi la usiku, ndiyo yaliyouvusha mji miaka ya vita. Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na kwa miaka iliyofuata vikundi vya wapiganaji wa Mai-Mai viliuzunguka. Kwenda shambani ukawa mtihani wa roho. Chumvi ilipimwa kwa kijiko, na aliyekuwa na vijiko viwili alijulikana. Mama Mwalimu anakumbuka kupika sufuria moja kwa nyumba tatu, kila nyumba ikileta ilichookota, na hakuna aliyeuliza mwenzake amekipata wapi.

Vita vya mashariki havijaisha, na Maniema huwapokea wanaovikimbia. Wengi wao hawaishi kambini; huishi kwenye nyumba za watu. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja aliyetoka upande wa Shabunda na watoto wake, akapewa chumba cha uani kwa mjane mwingine. Nilijiuliza mtu kama huyo, asiye na miaka ya kuchanga nyuma yake, anaingiaje katika hesabu za mtaa. Jibu lilikuwa kwenye daftari la seremala, ukurasa wa pili. Mbele ya jina lake pameandikwa "maji". Alikuwa ameteka maji ya msiba siku nzima. Hakuna aliyemtuma, Mama Mwalimu alimpa ndoo tu, bila maelezo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wengi wetu huusema msemo huo tukimchoka mgeni, kumbe unaweza kuwa mlango wa kumwingizia.

Nisiupambe mji kuliko ulivyo. Kindu ina vizuizi vya barabarani ambako hupiti bila kutoa kitu kidogo, ina wivu wa jirani kwa jirani, na ina watu ambao majina yao hayamo katika daftari lolote kwa kuwa wamekataa kuchangia, na siku yao ya kilio viti huja vichache. Utaratibu huu una ukali wake. Tena una mpaka. Watu watano wanaweza kuisukuma baisikeli kupanda mlima, lakini hawawezi kuutengeneza mlima uwe barabara. Likelemba inaweza kumtoa mzazi mmoja hospitalini, haiwezi kujenga mfumo wa bima. Mpiga kasia anaweza kumvusha mtoto mmoja mwenye homa jua likizama, lakini usiku wa manane, wakati wa dhoruba, mtoto wa Alunguli hana daraja. Wanaosifu ukarimu wa maskini wa Kongo huku wakinyamazia daraja ambalo halijengwi wanawafanya watu hawa wabebe mzigo wa serikali juu ya mzigo wao wa mawese, kisha wanawapigia makofi kwa kuubeba vizuri.

Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha taratibu zake za kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, mtu wa Kindu na mtu wa Kigoma sasa ni majirani wa ua mmoja. Kwa vitendo, Kongo tunayoijua sisi ni ya vita, ya dansi na ya makontena bandarini Dar es Salaam. Lugha tunayozungumza pamoja tuliipelekeana kwa misafara ambayo haikuwa ya heri, na mimi, mjukuu wa Mmanyema, nadhani kuna deni hapo ambalo halijafunguliwa ukurasa.

Basi msomaji, ukijaliwa kufika Maniema, taja nauli mbele ya mashahidi, shuka kwenye pikipiki ukikuta watu wanasukuma, na mlipe mpiga kasia hata kama amekuvusha na mgonjwa asiye na nauli, umlipie na yule mgonjwa. Na ukisikia kilio kwenye ua wa mtu usiyemjua, usipite kimya. Ingia, pita mezani kwanza, toa ulicho nacho. Kama huna kitu, sema una mikono, uandikwe.